Mfanyakazi Aliyedhaniwa Hana Familia

Mnamo Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitia saini amri iliyoondoa utumwa kama hadhi inayotambuliwa na mahakama. Mtumwa aliyetaka uhuru alitakiwa aende mwenyewe mbele ya maofisa kuudai, na bwana wake akalipwa fidia. Lakini kundi moja liliachwa nje ya amri hiyo, nalo ni masuria. Wao walihesabiwa kuwa watu wa ndani, sawa na wake wa ndoa, na suria hakuweza kudai uhuru wake ila kwa kuthibitisha kwamba anatendewa ukatili. Ilibidi wasubiri hadi 1909 ndipo amri nyingine ikawafikia. Kwa miaka kumi na miwili, basi, mwanamume aliyelima mikarafuu angeweza kusimama mahakamani akawa huru, ilhali mwanamke aliyepika, aliyefua, aliyelea na aliyezaa katika nyumba ileile alibaki pale pale, kwa sababu kazi yake haikuhesabiwa kuwa kazi. Naianzia historia ya haki za kazi hapa, wala si viwandani au bandarini, kwa kuwa kosa lililofanywa na amri ile ndilo lililorudiwa na sheria zetu za ajira kwa karibu karne nzima. Sheria ilipomtazama mfanyakazi ilimwona mwanamume mmoja, mwenye mikono miwili, asiye na mtoto wala mgonjwa wa kuuguza. Malipo ya saa za ziada, likizo ya uzazi na katazo la kubagua kwa jinsia ni mambo matatu yanayosomwa siku hizi kama vifungu vitatu mbalimbali, lakini mzizi wake ni mmoja: yote ni masahihisho ya picha hiyo, na yote yalipatikana kwa kudaiwa.

Wako wanaosema haki hizi ni ngeni kwetu, kwamba zilitoka Geneva na London, na kwamba kabla ya hapo Mwafrika alifanya kazi bila kuhesabu muda. Ushahidi unawakatalia. Katika mashamba ya Unguja na mwambao, hata mtumwa alikuwa na siku zake: kwa mazoea, Alhamisi na Ijumaa alijilimia mwenyewe, na bwana aliyezigusa siku hizo alijitafutia matata ya watumwa kutoroka. Wapagazi waliobeba pembe na nguo kati ya Bagamoyo na Tabora walikuwa wakali zaidi katika jambo hili. Safari iliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali, na mzigo ulikuwa na kipimo chake kilichojulikana na kila mtu kambini. Tirikeza, yaani mwendo wa mchana hadi usiku kuvuka nyika isiyo na maji, ulikuwa jambo la dharura, na kiongozi aliyewatirikeza watu wake bila sababu ya kueleweka aliamka akakuta mizigo imelala chini na wenyewe hawapo. Watu hao hawakuwa na sheria ya ajira iliyoandikwa, lakini walikuwa na mpaka kati ya kazi ya kawaida na kazi ya ziada, na waliulinda kwa njia pekee waliyokuwa nayo, ambayo ni kuondoka. Hata hivyo, katika misafara hiyohiyo walikuwamo wanawake waliobeba vyungu na mikeka, waliotafuta kuni na kupika kambini baada ya mwendo uleule. Majina yao hayakuingia katika orodha ya ujira. Mila ya wapagazi ilijua kupima siku ya mwanamume. Siku ya mwanamke iliyoendelea baada ya mizigo kutuliwa haikuwa na kipimo.

Utawala wa kikoloni ulichukua upungufu huo na kuufanya mfumo. Sheria za mabwana na watumishi, zilizotungwa Kenya mwaka 1906 na Tanganyika katika miaka ya 1920, zilifanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai: njia ya mpagazi ya kujilinda ikageuzwa kuwa safari ya jela. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kazi ilipimwa kwa kipande. Ilikuwa kadi yenye nafasi 30, na kila siku ambayo mfanyakazi alimaliza ngwe yake nyapara aliijaza nafasi moja. Ambaye hakumaliza, kwa ugonjwa au kwa mvua au kwa mkonge mbaya, hakuandikiwa kitu, hata kama alikuwa shambani tangu alfajiri. Mshahara ulilipwa kipande kilipojaa, na siku 30 za kwenye kadi zingeweza kuvuta wiki sita za kalenda. Msomaji atazame vizuri namna mfumo huu ulivyofanya kazi. Pale ambapo saa hazihesabiwi, hakuna saa ya ziada. Ngwe ikiongezwa, muda unaongezeka bila yeyote kukiri kuwa umeongezeka, na hasara yote ya muda inamwangukia mfanyakazi. Ndiyo maana madai ya kulipwa kwa saa, ambayo leo yanaonekana ya kawaida mno, yalikuwa madai makubwa: yalimtaka mwajiri akubali kwamba muda wa mtu una mwenyewe.

Mfumo huo ulitegemea dhana nyingine iliyokuwa ndani yake, kwamba manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani, ametoka kwao peke yake. Aliletwa kutoka Songea, Kigoma au Ruanda-Urundi, na kuanzia 1944 kazi ya kumwandikisha na kumsafirisha ilikusanywa chini ya SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge. Kambini alipewa chumba cha kulala na posho ya unga iliyopimwa kwa tumbo la mtu mmoja. Mkewe na watoto walidhaniwa wanakula kutoka shamba la nyumbani, ambalo mke analilima. Kwa hiyo mshahara mdogo wa mkonge haukuwezekana bila jembe la mwanamke wa Ungoni au wa Buha: yeye ndiye aliyelipia uzazi, malezi, uuguzi na uzee wa mfanyakazi, bila kadi wala nyapara wa kumjazia nafasi. Wachumi wa ukoloni waliuita huu mshahara wa mwanamume mseja, na waliutetea kwa kusema kuwa Mwafrika ana shamba, hahitaji zaidi. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli nusu, maana shamba lilikuwepo. Ilichoficha ni kwamba shamba lile nalo lilikuwa mahali pa kazi, na mwenye kufaidi kazi ile bila kuilipia alikuwa mwenye mkonge.

Isifikiriwe kwamba wanawake hawakuajiriwa kabisa. Waliajiriwa, lakini kwa namna iliyowanyima jina la mfanyakazi. Oktoba 1919 serikali ya Kenya ilitoa waraka, uliotiwa saini na John Ainsworth, uliowataka maofisa wa wilaya na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi kwa walowezi, na ukaongeza kwamba mahali ambapo mashamba yako karibu na vijiji, wanawake na watoto nao wahimizwe kwenda kufanya kazi wanazoziweza. Kuhimizwa na chifu katika siku zile kulikuwa kuamrishwa. Katika kahawa malipo yalikuwa kwa debe. Mama aliyekuja na watoto wake wawili walichuma pamoja, likajaa debe moja, na malipo yakawa ya debe hilo, si ya watu watatu wala ya siku nzima. Harry Thuku alipoanza kukusanya watu Nairobi mwaka 1921, kazi za kulazimishwa za wanawake na wasichana zilikuwa miongoni mwa malalamiko aliyoyapaza, pamoja na kipande cha Kenya, yaani kitambulisho kilichovaliwa shingoni, na kukatwa kwa mishahara. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikwenda kituo cha polisi kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea na kuwaongoza wanawake kusonga mbele, polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema ni wengi zaidi. Katika vitabu vingi vya shule tukio hili huandikwa kama sura ya kwanza ya siasa za uhuru. Ni sawa, lakini lilikuwa pia mgogoro wa kazi, na miongoni mwa waliokufa ndani yake walikuwamo wanawake ambao sheria ya kazi haikuwataja.

Sasa niijibu hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya maelezo haya. Kuna wanaodai kwamba mageuzi yalishuka kutoka juu. Mwaka 1919, huko Washington, mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani ulipitisha mkataba wa saa nane kwa siku na 48 kwa wiki, uliotaka saa za ziada zilipwe angalau robo zaidi ya kawaida, na mkataba mwingine uliompa mama wiki sita kabla ya kujifungua na sita baada yake. Baadaye, wanasema, maofisa wa Uingereza waliokuwa na busara wakaanza kutaka wafanyakazi wa kudumu wenye familia mijini, na haki zikafuata. Tarehe ni za kweli, lakini mpangilio wake hausemi hivyo. Mkataba wa Versailles uliziruhusu nchi zenye makoloni kutotumia mikataba hiyo pale ambapo hali za mahali hazikuruhusu, na kwa takriban robo karne hali zetu hazikuruhusu. Kilichozibadilisha kilitokea gatini. Mombasa iligoma 1939, na baada ya mgomo ndipo tume ikaundwa kuchunguza makazi na maisha ya wafanyakazi. Misukosuko ya miaka ya vita ikazaa kamati nyingine mwaka 1945. Dar es Salaam, makuli wa bandari waligoma 1939, wakagoma tena 1943, na mgomo wao wa Septemba 1947 ukafuata reli hadi mikoa ya bara. Zanzibar iligoma 1948. Kila mara kamati ilikuja baada ya kazi kusimama, haikuwahi kutangulia.

Mgomo wa Mombasa wa Januari 1947 unastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa siku kumi na mbili watu wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli, wafanyakazi wa reli, wa mahoteli, wa majumbani. Walikutana kila siku kwenye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, wakajadili, wakapeana habari, wakajiwekea nidhamu. Hapakuwa na chama kimoja kilichouitisha. Chama cha Wafanyakazi Waafrika kilizaliwa humo humo, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Serikali iliunda baraza la usuluhishi chini ya Ransley Thacker, ambaye miaka mitano baadaye angekaa Kapenguria kumhukumu Jomo Kenyatta. Mishahara ikapandishwa kidogo, na Agosti mwaka huohuo Kibachia akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Baringo. Ukichukua mambo hayo mawili pamoja, unaona jinsi utawala ulivyotoa: kwa mkono mmoja nyongeza, kwa mkono mwingine amri ya kumhamisha aliyeidai. Wanaosema haki zilishuka kutoka juu waeleze kwa nini aliyezitoa alilazimika kumfungia aliyeziomba.

Hata hivyo nakubali kwamba baada ya 1947 fikra za watawala zilibadilika. Kamati ya Carpenter ya Kenya, iliyotoa ripoti mwaka 1954, ilikiri waziwazi kwamba kima cha chini cha mshahara kilikuwa kimekadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na familia, na ikapendekeza kihamie hatua kwa hatua kwenye mahitaji ya familia. Lilikuwa jambo kubwa kukiri hivyo. Lakini angalia kilichotokea kwa mwanamke katika mabadiliko hayo. Mshahara wa mseja ulimsahau. Mshahara wa familia ukamkumbuka kama mzigo wa mumewe. Ikiwa mume analipwa kwa ajili ya watu watano, basi mwanamke anayekuja kuomba kazi hujibiwa kwamba kipato chake ni cha kuongezea tu, na kulipwa pungufu kunaonekana haki. Mjane, mtalaka, na mama ambaye hakuolewa hawakuwa na nafasi katika hesabu hiyo, wala mwanamume aliyebaki na watoto baada ya mke kufariki. Vyama vya wafanyakazi vyenyewe havikukwepa mtego huu. Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, lililoundwa Oktoba 1955 na Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu, lilipigana kwa ushujaa juu ya mishahara na saa za kazi, na wanachama wake walijumuisha wapishi na madobi wa Dar es Salaam waliogoma Desemba 1956. Lakini watumishi hao wa majumbani wa wakati ule walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa sana, na mfanyakazi katika hotuba za miaka ile alikuwa baba.

Uhuru ulileta jambo la kusikitisha ambalo sioni haja ya kulizunguka. Mwaka 1962 Tanganyika ilitunga sheria iliyofanya kugoma kihalali kuwa karibu haiwezekani, na 1964 TFL ikavunjwa na mahali pake ikawekwa NUTA, chama kimoja kilichokuwa chini ya mkono wa serikali. Silaha iliyowapatia wafanyakazi walichokuwa nacho ikachukuliwa na watu waliokuwa wameitumia. Lakini ni katika kipindi hichohicho ambapo suala la uzazi lilifunguka, na lilifunguliwa na wanawake waliojipanga nje ya chama cha wafanyakazi. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, uliundwa 1962. Sheria ya ajira waliyoikuta ilimpa likizo ya uzazi yenye malipo mwanamke mwenye ndoa; asiyeolewa hakuwa nayo. Karani wa ofisi, mwalimu au mfanyakazi wa kiwandani aliyepata mimba bila ndoa alijifungua kwa gharama yake na mara nyingi kwa gharama ya kazi yake, huku mwanamume aliyempa mimba, pengine wa ofisi hiyohiyo, akiendelea kupokea mshahara kamili. UWT walilipigia kelele jambo hili kwa miaka, na marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 1975 yakampa kila mwanamke aliyeajiriwa, awe ameolewa au hakuolewa, siku 84 za likizo yenye malipo, mara moja kila miaka mitatu. Hoja ya kwamba kumlipa asiyeolewa ni kuhimiza uzinzi bado husikika vijiweni hadi leo. Jibu lake ni rahisi: likizo inalipia siku za kupona na za kunyonyesha, na mtoto mchanga hana cheti cha ndoa cha kuonyesha kabla ya kunyonya.

Siku 84 ni wiki kumi na mbili kamili, kipimo kilekile cha Washington cha 1919. Kilichochukua miaka 56 kufika kwa mama wa Tanzania kilikuwa tayari kimeandikwa kabla bibi yake hajaolewa. Na hata kilipofika kilikuja na masharti. Miaka mitatu kati ya likizo na likizo ilitetewa kwa afya ya mama na kupanga uzazi, na sipuuzi hoja hiyo, ila inashangaza kwamba hakuna sharti la afya kama hilo lililowahi kufungamanishwa na mshahara wa baba. Kenya ilikwenda kwa njia yake. Sheria ya Ajira ya 1976 ilimpa mama miezi miwili yenye mshahara kamili, kisha ikaongeza masharti mafupi: mwanamke aliyechukua likizo hiyo anapoteza likizo yake ya mwaka. Yaani kujifungua kulihesabiwa kuwa mapumziko. Aliyerudi kazini na kichanga cha wiki nane hakuwa na siku moja ya kupumzika mpaka mwaka mwingine, wakati mwenzake wa kiume aliyekaa dawati la jirani alikwenda zake likizo kama kawaida. Ilibidi Sheria ya Ajira ya 2007, iliyopandisha likizo ya uzazi kuwa miezi mitatu na kumpa baba wiki mbili, iandike waziwazi kwamba mwanamke hatapoteza likizo yake ya mwaka kwa sababu ya uzazi.

Mahali pengine ubaguzi ulivaa vazi la ulinzi. Mkutano uleule wa 1919 ulipiga marufuku wanawake kufanya kazi za viwandani usiku, na katazo hilo likaingia katika sheria nyingi za makoloni na kubaki baada ya uhuru. Sheria ya Kenya ya 1976 iliwazuia wanawake viwandani kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nia ya kuwakinga wanawake na hatari za usiku haikuwa mbaya. Lakini katazo lilihusu viwanda. Muuguzi alikesha wodini bila sheria kumwonea huruma, na mtumishi wa nyumbani aliamka saa tisa usiku mtoto wa tajiri alipolia. Kilichozuiwa hasa ni zamu ya usiku kiwandani, ile iliyokuwa na malipo ya ziada na iliyompa mtu nafasi ya kupanda kuwa fundi au msimamizi. Hapa ndipo mambo matatu niliyoyataja mwanzoni yanapokutana mahali pamoja: kwa kumlinda mwanamke kama mama, sheria ilimnyima ovataimu, na kwa kumnyima ovataimu ikampa mwajiri sababu ya kusema kwamba mwanamume ana faida zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ilipata njia bora: haimzuii mwanamke kwa jinsia yake, bali inamkinga mjamzito na mama aliyetoka kujifungua asipangiwe kazi za usiku kwa kipindi maalumu. Inalinda hali inayohitaji ulinzi, na kumwacha mtu afanye kazi yake.

Sheria hiyo isingewezekana bila mabadiliko katika katiba, na hapa historia inatukumbusha jinsi tulivyochelewa. Katiba ya Kenya iliyodumu tangu uhuru ilikataza ubaguzi kwa rangi, kabila na mengineyo, lakini neno jinsia halikuwemo katika orodha mpaka marekebisho ya 1997. Tanzania iliingiza hati ya haki katika katiba yake mwaka 1984, na jinsia ikaongezwa mwaka 2000. Baada ya hapo ndipo sheria ya 2004 ikaweza kuandika kwa upana: hakuna kubagua kwa jinsia, kwa ujauzito wala kwa hali ya ndoa, malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, unyanyasaji wa kijinsia kazini ni ubaguzi. Wiki ya kazi ni saa 45, na siku ni saa tisa. Saa za ziada haziwezi kupita 50 katika wiki nne, nazo hulipwa mara moja na nusu. Mama anapata siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama ana haki ya siku nyingine 84 bila kusubiri mzunguko wa miaka mitatu. Baba anapewa siku tatu. Siku tatu hizo ndizo mabaki ya yule mwanamume mseja wa enzi za mkonge: sheria imekubali kwamba ana mtoto, lakini bado haijaamini kwamba atamlea.

Waajiri wengi, na si wabaya wote, watasema kwamba ulinzi huu humdhuru anayelindwa: mwenye duka lenye wafanyakazi wanne hawezi kumlipa mmoja asiyekuwepo kwa miezi mitatu na kumlipa pia anayeshika nafasi yake, kwa hiyo ataajiri wanaume. Hoja hii ni ya kweli kwa kiasi, na inajibiwa vibaya na wanaoishia kutaja kifungu kinachokataza ubaguzi. Tatizo lipo katika swali la nani analipa. Gharama ya uzazi ikiwekwa juu ya mwajiri mmoja mmoja, kila mwanamke kijana anayeomba kazi anatazamwa kama gharama inayokuja. Ikiwekwa katika mfuko wa wote, tofauti hiyo inapungua sana. Rwanda ililiona hili. Huko, kabla ya 2016, mwajiri alilipa mshahara kamili kwa wiki sita za mwanzo tu, na mama aliyetaka kubaki nyumbani wiki sita zilizobaki alipata asilimia 20. Sheria ya 2016 ikaanzisha mfuko ambao mwajiri na mfanyakazi kila mmoja anachangia asilimia 0.3 ya mshahara, wanaume na wanawake sawasawa, na wiki kumi na mbili zote zikalipwa. Kwetu NSSF ina mafao ya uzazi kwa wanachama waliotimiza masharti, lakini sheria ya ajira bado inaweka malipo ya likizo juu ya mwajiri. Hapa ndipo pa kufanyia mageuzi, kwa sababu historia yote niliyoieleza ni historia ya gharama ya kuzaa na kulea kusukumwa kwa mtu mmoja: kwanza mke wa manamba kule kijijini, kisha mama asiyeolewa, sasa mwajiri mdogo ambaye huisukuma tena kwa mwanamke kwa kutomwajiri.

Watabaki wale wanaosema kuwa haya yote ni mambo ya wachache, kwamba Watanzania na Wakenya walio wengi wanalima, wanachuuza au wanafanya vibarua visivyo na mkataba, na sheria ya ajira haiwafikii. Ni kweli kwamba haiwafikii wengi. Lakini kutofikiwa si hali ya maumbile. Suria wa 1897 hakufikiwa, akafikiwa 1909. Mwenye kipande hakuwa na saa, akapata saa. Asiyeolewa hakuwa na likizo, akaipata 1975. Kila kundi lililokuwa nje liliambiwa kuwa kazi yake ni ya aina nyingine, ya kifamilia, ya msimu, ya kusaidia tu, na kila moja lilipoingia ilionekana kwamba maelezo hayo hayakuwa na msingi. Kundi kubwa lililobaki mlangoni leo ni wafanyakazi wa majumbani, ambao tofauti na enzi za Kawawa sasa wengi wao ni wanawake na wasichana. Mfanyakazi wa nyumbani analala anapofanyia kazi, kwa hiyo siku yake haina mwisho; anaitwa dada wa nyumbani, na udada huo hutumika kumnyima mshahara uliopatanwa; akipata mimba hufungasha nguo zake siku hiyohiyo. Sheria ya 2004 haikumwacha nje. Mwajiri anatakiwa ampe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na kesi ikifika bila maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia mwajiri. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine, ya saa za ziada yakiwemo, ndani ya siku 60. Wewe unayesoma haya ukiwa na msichana anayekupikia na kukulelea watoto, mwandikie mkataba wiki hii, mhesabie saa zake 45, na ajue kutoka kwako kwamba siku zile 84 ni zake pia.